Mkwe, Mimi na Kidole cha Chap-Chap

Jumatatu, 3 Machi

Laini imekufa asubuhi. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mwalimu mkuu, nikataka kumpigia binti yangu nimuulize rangi ya vitambaa vya meza vya harusi. Naona mtandao hamna. Nikaitikisa simu. Nikaipandisha dirishani. Nikaiombea. Hamna! Nikasema labda mtandao nao umechoka, mbona hata madobi tunachoka. Nikarudi kwenye suruali.

Jioni akaja Mkwe. Yaani baba wa kijana atakayemwoa binti yangu mwezi ujao. Mpima ardhi mstaafu. Hata ukimkaribisha kiti, anakitazama kwanza kama kimenyooka. Akasema ujumbe wangu aliupata, pesa ametuma, sasa amekuja kusikia hiyo asante inayochelewa.

Nikamuuliza ujumbe gani. Akavaa miwani, akanisomea. Eti mimi nimekwama. Eti namwomba Mkwe anitumie chochote kwenye namba nyingine kwa kuwa simu yangu inasumbua. Na tafadhali mke wangu asijue! Namba iliyotuma ni yangu. Yangu kabisa, ile ile iliyoandikwa kwa rangi ukutani hapo nje, chini ya maneno DOBI MWAMINIFU.

Nikaapa. Nilitaka kuapa kwa Biblia ila mikono ilikuwa na wanga wa nguo.

Mkwe akasema amepima viwanja maisha yake yote na hajaona mpaka unaohama wenyewe. Kama si mimi, ni nani? Akasema watu wanaoomba kabla ya harusi, baada ya harusi huhamia sebuleni. Harusi isimame, mpaka nimletee maelezo yaliyonyooka.

Binti alikuwa mlangoni ameshika sampuli za vitambaa. Alisikia yote. Akaingia ndani navyo.

Mungu wangu unanijua. Sijawahi kumwomba jirani hata kibanio cha nguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipigia kampuni ya simu kwa simu ya Mama Watoto. Akapokea dada mwenye sauti nzuri sana. Akaniambia mimi ni muhimu kwao. Nikamshukuru, nikamuulizia hali ya nyumbani, nikaanza kumweleza habari ya Mkwe tangu mwanzo. Yeye akaniambia nibonyeze moja. Mama Watoto, akiwa anachambua nguo nyeupe na za rangi, akasema Baba Watoto, unaongea na kanda. Najua! Lakini heshima haigharimu kitu.

Nikabonyeza moja. Nikabonyeza nne. Nikabonyeza tisa, ikanirudisha kwenye moja. Mwisho akaja binadamu. Akatafuta, akasema laini hiyo ilipotea na jana asubuhi mwenyewe amerudishiwa. Nikamwambia mwenyewe ni mimi na sijarudishiwa kitu. Akasema mwenyewe ameweka kidole, kidole kimekubali, na kama nina malalamiko basi mwenye laini apige simu. Nikamwambia mwenye laini ndiye huyu anayepiga! Akaniambia asante kwa kuwa nao, je, nimeridhika na huduma, kwa ndiyo bonyeza moja.

Nikabonyeza moja kwa hasira. Mama Watoto akasema nimewapa sifa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisini kwao mwenyewe. Shati jeupe, mkunjo wa mkono unakata kama wembe. Ofisi ina baridi ya kuhifadhia nyama. Meneja ni mama mpole, kucha ndefu, kila ukisema jambo anainamisha kichwa kwa huruma.

Nilimweleza ninachotaka. Sitaki makubwa. Nataka barua moja yenye muhuri, kwenda kwa Mkwe, ikisema hivi: sisi kampuni tulimpa tapeli laini ya dobi, dobi hana kosa, harusi iendelee. Basi!

Akainamisha kichwa. Akasema kwanza tuhakikishe kama mimi ni mimi. Akasogeza kimashine. Nikaweka gumba. Mashine ikalia kama imekanyagwa. Nikaweka la pili. Ikalia tena. Tukapitia vidole vyote, hadi vile ambavyo mtu havikumbuki. Wapi! Sabuni na dawa ya kung'arisha vimevila vidole vyangu miaka yote hii, vimebaki nyororo kama mgongo wa kijiko. Meneja akasema, kwa huruma kubwa, kwamba kwa mujibu wa mashine hapa hajakaa mtu.

Nikamuuliza, na yule wa Jumatatu mlimwona ni mtu? Akasema kidole chake kilifanana na kilichosajiliwa, kwa hiyo kampuni haihusiki, mteja anatakiwa alinde laini yake. Nikamwambia mama, huyu kicheche hakuvunja banda, ni ninyi mliomfungulia mlango, halafu mnakuja kumfokea kuku. Akacheka vizuri. Barua hakuandika.

Njiani nikakumbuka. Hata siku ya kusajili mashine ilinikataa vile vile! Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Ni Chap-Chap, yule wakala anayekaa na mwavuli wa kampuni pale pembeni ya kinyozi, aliyenihurumia. Akasema mzee wa kanisa haondoki hivi hivi. Akaweka kidole chake mwenyewe, tukamaliza, akanipa na peremende. Sikumtaja kwa Meneja. Mtu aliyekufanyia wema humponzi.

Ijumaa, 7 Machi

Usiku nimepata wazo. Limekuja baada ya maombi, kwa hiyo najua limetoka wapi.

Mkwe haamini kwa sababu hajaona. Mpima ardhi huyo, lazima aone kwa macho. Basi nitamwonyesha! Nitakwenda kwa wakala wa kampuni, nitaomba kurudishiwa laini ya Mkwe, kana kwamba mimi ndiye Mkwe na nimeipoteza. Wakinipa, nimeshinda. Nitaiweka laini juu ya leso nyeupe iliyopigwa pasi, nimpelekee, nimwambie Mkwe, tazama walivyo rahisi hawa watu. Atanikumbatia.

Mama Watoto aliuliza nakwenda wapi na tabasamu hilo. Nikasema kutafuta haki.

Nilikwenda kwa Chap-Chap mwenyewe, maana ananifahamu na hatanisumbua. Nikamwambia nimepoteza laini. Nikamtajia jina la Mkwe na namba ya Mkwe. Hapo nikaomba msamaha kimoyomoyo kabla ya kusema. Chap-Chap hata hakuinua macho. Kitambulisho? Nikasema kimebaki nyumbani. Akasema wewe tena, mtu wa sala, utanidanganya mimi? Gumba langu likagoma kama kawaida. Akafuta lake kwenye suruali, akaliweka. Mashine ikakubali papo hapo, bila kulia! Nikashangaa. Akaniambia mzee, kidole hiki kina baraka.

Kweli wapo watu wamebarikiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Niandike tu.

Nilitakiwa kwenda kwa Mkwe mchana. Leso tayari, viatu tayari. Lakini dobi mzuri hapeleki shati bila kukagua vifungo. Nikasema niijaribu laini kwanza. Nikaiweka kwenye simu yangu. Ikawaka! Mistari yote ya mtandao imesimama kama askari. Kabla sijafurahi ikaita.

Nilipokea kwa mazoea. Sauti ikawa ya Mama Mkwe, mke wa Mkwe. Akauliza kwa upole, Baba, uko wapi. Ningekata. Kwa nini sikukata? Nikakohoa kama Mkwe anavyokohoa, nikasema kwa sauti ya chini nipo. Akasema sawa, alitaka tu kuniuliza, hivi yule dobi tumfanyeje.

Mtu yeyote angeteleza hapo. Nikasema, bado kwa sauti ya Mkwe, kwamba dobi yule ni mtu mwema kupita kiasi. Mcha Mungu. Mnyenyekevu. Nguo zake zinanukia. Tumemwonea sana na mimi binafsi usingizi siupati.

Akaniuliza niko chumba gani. Nikasema sebuleni. Akasema ajabu, maana na yeye yuko sebuleni, na mume wake amekaa mbele yake tangu asubuhi akilalamika kwamba laini yake imekufa, na hivi sasa mdomo wake umefungwa.

Halafu nikasikia sauti nyingine, karibu na simu. Ilikuwa ya Mkwe mwenyewe, ikiniita kwa neno moja tu: Mkwe.

Nikakata. Nikaitoa laini. Nikaifunga kwenye leso. Nikaificha kwenye ndoo ya wanga.

Jumapili, 9 Machi

Ibada. Mchungaji kahubiri juu ya mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Mama Watoto akanitazama tangu mwanzo wa mahubiri hadi sadaka.

Mkwe, ambaye husali kanisa la upande wa pili, leo alikuja kwetu. Akakaa nyuma yangu. Nikaimba wimbo wote nikisikia pumzi yake shingoni.

Nje, mbele ya watu, hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema Jumatatu iliyopita alinishuku, akajisikia vibaya kumshuku mtu wa Mungu. Sasa hashuku tena, sasa anajua. Nilimwibia pesa kwa laini yangu, nikaona haitoshi, nikamwibia na laini yake, nikamjibia na mke wake. Nikamwambia nilikuwa namwonyesha walivyo rahisi! Akasema ameona, mimi ni rahisi sana. Kesho ataanzia ofisi ya kampuni, kisha polisi. Na harusi haijasimama tena. Imekufa, na yeye ndiye anayeizika.

Binti amejifungia. Nilimpelekea chai. Akaniambia kupitia mlango kwamba baba, mimi nakuamini hukuiba. Tatizo ni kwamba kila ukinisaidia napoteza kitu.

Hilo limenikaa hapa. Sijala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetangulia ofisini. Nilisema kama ni kukamatwa, nikamatwe kwenye baridi. Mkwe akanikuta kwenye benchi. Benchi ni moja. Akakaa mwisho kabisa, nusu ya mwili hewani, ili tu asiniguse.

Meneja akatuita wote. Mkwe akaeleza kwa ufupi, kaskazini, kusini, mashariki, kila kitu mahali pake. Nikatoa laini kwenye leso. Ilikuwa imeganda wanga. Meneja akainamisha kichwa, akamwomba Mkwe aweke kidole ili kuhakikisha yeye ni yeye.

Mkwe akatoa kitambaa. Akaifuta mashine. Akaifuta tena. Akaweka gumba, gumba zuri, lenye mistari kama ramani. Mashine ikalia.

Meneja akasema samahani baba, wewe si mwenye laini hii. Aliyekuja Ijumaa ndiye mwenyewe, kidole chake kimelingana kabisa na kilichosajiliwa.

Sijawahi kumwona Mkwe vile. Akawa mwekundu, akawa wa kijivu. Akasema laini hiyo anayo tangu akiwa kazini! Nikamwelewa. Nikataka kumshika mkono, akauvuta.

Meneja akaendelea kubofya. Akakunja uso. Akaita mwenzake. Wakabofya wote. Mwisho akatugeuzia kioo. Akasema kwa mujibu wa kampuni, sisi wawili ni mtu mmoja. Kidole ni kimoja. Mkwe akauliza nani ni mtu mmoja na nani. Meneja akatuonyesha kwa ukucha, wewe na huyu. Na si sisi tu! Kinyozi yumo. Fundi viatu yumo. Mwalimu mkuu yumo na Mchungaji yumo. Mtaa mzima ni mtu mmoja, na mtu huyo ana laini nyingi kuliko nywele.

Hapo nikafurahi, nikasema hicho bila shaka ni kidole cha Chap-Chap, nakijua, kina baraka. Nikawaeleza alivyonisaidia kusajili na alivyonisaidia Ijumaa.

Mkwe akanitazama muda mrefu. Kisha akauliza polepole kama Jumatatu ile laini yangu iliporudishwa, kidole kilichotumika kilikuwa hicho hicho. Meneja akabofya. Akasema ndiyo.

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kusuuzia. Chap-Chap! Na peremende yake!

Nikamuuliza Mkwe kwa upole, na yeye ilikuwaje? Akatazama dari. Akasema siku ya kusajili aliona kila mtu ameweka kidole pale, wengine wametoka kula, akakataa kugusa. Kijana wa mwavuli akasema mzee usichafuke, naweka changu. Akaona ni adabu njema.

Basi tukatazamana. Kwa mara ya kwanza naona Mkwe hana pa kuweka miwani.

Meneja akawahi kusema kampuni inasikitika, ila wakala si mwajiriwa wao, ni mtu binafsi, kampuni haihusiki. Hapo Mkwe akasimama. Mungu alimwumba mtu yule kwa ajili ya kusimama! Akamwambia Meneja, mwanangu, mimi ni mpima ardhi. Kiwanja kimoja kikitoka na hati mia, hatumkamati mwenye kiwanja. Tunamwuliza aliyegonga mihuri. Mashine hii ya nani? Mwavuli ule wa nani, fulana ile ina jina la nani? Kidole kimoja kimesajili mtaa mzima, na mashine yenu imeona, imekubali, imechukua faida. Kwenye faida Chap-Chap ni mtoto wenu, kwenye wizi amekuwa yatima?

Nikasema amina. Watu wa foleni wakasema amina. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akaanza kusimulia alivyotapeliwa shangazi yake. Mwingine akasema na mimi. Na mimi. Meneja akaacha kuinamisha kichwa. Akaingia chumba cha ndani na simu mbili.

Alipotoka alisema wataandika barua. Watarudisha pesa ya Mkwe. Watafunga kidole kile. Akaongeza kuwa hata hivyo huyu dobi naye Ijumaa alifanya kosa lile lile. Mkwe akasema huyo niachieni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Chap-Chap amekamatwa. Kinyozi ndiye aliyenihadithia, mkasi mkononi. Walipokuja alikuwa anamsajilia mtu, kidole kikiwa juu ya mashine. Mkoba wake umejaa laini kama karanga.

Barua imefika! Ina muhuri. Ni moja tu, kwa kuwa kwenye mashine yao mimi na Mkwe bado hatujatenganishwa. Inaanza "Mteja wetu mpendwa". Tumeisoma pamoja, kila mmoja ameshika pembe yake.

Mkwe amesema harusi iendelee. Amesema mbele ya binti, mbele ya Mama Watoto. Binti akalia, akacheka, akaniwekea sukari kwenye chai kwa mkono wake. Mkwe akaweka sharti moja. Kuanzia leo hadi bibi harusi anatoka kanisani, mimi nisitengeneze, nisijaribu wala nisimwonyeshe mtu kitu chochote.

Nimekubali. Lakini hapa kwenye shajara niseme ukweli, tuko wawili tu. Bila mpango wangu wa Ijumaa, nani angejua? Ningekaa nyumbani nikilia, Chap-Chap angekuwa bado na mwavuli. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikosa shukrani tu.

Jumamosi, 15 Machi

Kamati ya harusi imekaa kwa Mkwe. Wamekubaliana ipatikane laini mpya, safi, ya kupokelea michango ya pande zote mbili, isiyo na historia. Wakatazamana nani aisajili. Mama Mkwe akasema mtu yeyote isipokuwa dobi. Nikacheka nao. Nikajua ananitania.

Basi nimewapa mshangao! Nimekwenda peke yangu. Pale pa Chap-Chap pana mwavuli mpya na wakala mpya, dada mkali. Anataka kitambulisho halisi. Anataka sura. Anataka kidole cha mwenyewe, na kuna tangazo kubwa linalosema hivyo. Nilimsifu. Nikamwambia haya yote ni kazi yangu mimi na Mkwe.

Gumba langu likagoma. Dada akasema pole baba, nenda ofisini wakushughulikie kwa njia nyingine. Ofisini! Jua lile, foleni ile, na kamati inasubiri? Nikabaki nimesimama kama nguo iliyosahaulika kambani.

Nyuma yangu alikuwepo bwana mmoja mstaarabu, kofia mkononi, sauti ya kwaya. Akaniuliza kulikoni. Nikamsimulia habari yote, binti, Mkwe, wakwe, michango. Machozi yakamlengalenga. Dada alipoinama kuugeuza mwavuli ufuate kivuli, bwana yule akanyoosha mkono kimya kimya na kuweka gumba lake. Mashine haikulia hata kidogo, na dada alipoinuka akaona imekubali, akanipa laini. Simjui jina wala hakudai shukrani! Nikamwambia bwana yule, laiti Chap-Chap angekuwa na moyo kama wako.

Nimeshatuma namba kwa kamati yote, kwa ukoo wetu, kwa ukoo wa Mkwe, na Mchungaji ataitangaza kesho kwenye ibada. Mkwe atajua sasa amepata mkwe wa namna gani.

Bwana yule naye ameinakili, asije akasahau kuchangia. Akauliza kwa upole michango itaanza kuingia lini. Nikamwambia Jumatatu asubuhi. Akasema atakaa macho.